Ombi la Kusajili Watoto 63 Kuwa Magari ya Kaunti

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha,
Makao Makuu ya Kaunti.

Mheshimiwa,

Kwa umri, wewe ndiye ungeniamkia. Lakini cheo hakijui mkubwa wala mdogo, basi mimi ndiye ninayekuamkia, tena nimesimama.

Wiki iliyopita nilikuja ofisini kwako na barua ya kamati ya wazazi wa chekechea yetu. Sikukupata. Nilikaa kwenye benchi la nje tangu saa tatu hadi saa saba, na kama hukuwahi kulikalia benchi lile, nakuarifu kwamba linatazama banda la magari. Banda zuri kweli! Nguzo za chuma, mabati mapya ya kijani, sakafu ya saruji isiyo na ufa, na mfereji wa maji pembeni. Kijana mmoja mwenye ndoo alikuwa akilifuta gari moja kubwa jeupe. Alifuta kioo, akafuta taa, akapiga magoti kufuta matairi. Nikamuuliza kama gari hilo limetoka safari. Akasema halijatoka tangu Ijumaa. Sasa mbona unalifuta? Akanitazama kwa huruma: "Nyanya, vumbi halingoji safari."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo kichwani. Asubuhi yake nikapita chekechea, nikawakuta watoto 63 chini ya mwembe, vumbi likiwapaka mpaka kwenye kope, na hakuna mwenye ndoo wala kitambaa. Ndipo nilipogundua kosa letu la miaka yote. Tumekuwa tukikuombea watoto kama watoto. Nani atakayetoa pesa za umma kwa kitu kama hicho?

Kwa hivyo, Mheshimiwa, naifuta barua ile. Badala yake naomba watoto hawa 63 wasajiliwe kuwa magari ya kaunti, wapewe namba zenye herufi CG, na wapate haki zote zinazoliandama gari la serikali popote liendapo.

Haki ya kwanza ni kivuli. Usinielewe vibaya, mwembe wetu ni boribo na kivuli chake ni kipana. Tabu ni kwamba kivuli hicho huzunguka. Saa mbili darasa liko upande wa barabara, saa nne limesogea kwenye mizizi, na saa tano unusu mwalimu huwaamuru wote wanyanyuke, wakunje mkeka, wahamie upande wa pili kukifuata. Hilo ndilo somo lao la jiografia. Ikifika Desemba maembe huiva, na embe bivu halibishi hodi. Ubao wetu umetengenezwa kwa mabango manne ya kampeni yaliyogongwa misumari kwenye shina. Tunaandika kwa makaa upande wa nyuma ulio mweupe, kwa hivyo mheshimiwa aliye kwenye picha anautazama mti. Sikupanga kumkosea heshima, karatasi yenyewe ndiyo ina pande mbili tu.

Haki ya pili ni mafuta. Nimeelezwa kwamba gari likikaribia kuishiwa, dereva hujaza fomu, fomu ikapigwa muhuri, na gari likashiba siku hiyohiyo. Huku kwetu kila mtoto huja na kikombe cha unga na ukuni mmoja. Jumatatu uji unasimamisha kijiko. Jumatano unaweza kuuona mti ndani yake. Alhamisi vikombe vingi huja vitupu, vimeshikwa vizuri kwa mikono miwili kama kawaida, na sufuria haipandi jikoni. Mtoto wa miaka minne akiishiwa hajazi fomu, Mheshimiwa. Hujilaza kwenye mkeka, na mwalimu akiita jina anaandika "yupo", kwa sababu yupo kweli.

Haki ya tatu ni dereva. Magari yako yana madereva wa kudumu, wenye marupurupu wakilala nje ya kituo. Mwalimu wetu ni wa kandarasi inayoanza upya kila mwaka kana kwamba na yeye amezaliwa upya. Mshahara wa Machi aliupokea Juni. Alipouliza aliambiwa mfumo ulikuwa chini. Nimeuona mfumo huo, Mheshimiwa, kwa maana ya kwamba siku ileile niliona magari matatu yakijazwa mafuta. Huenda ulikuwa chini upande mmoja tu.

Utaniambia sheria haikuruhusu kumsajili binadamu kama gari. Nakubali kwamba sheria ina mipaka yake, na nafurahi umeitaja, maana nimetembea nayo kwenye mkoba. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010, sehemu ya pili, linazipa kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto. Kazi hizi hamkuziazima, wala hamsaidiani na mtu. Ni kazi yenu, kama vile jeshi ni kazi ya Nairobi.

Sasa tuje kwenye basari. Mwezi wa pili nilialikwa uwanjani kuzishuhudia zikitolewa. Palikuwa na mahema, ngoma, na hundi ya kadibodi ndefu kuliko mlango wangu, iliyobebwa na wanaume wawili. Wanafunzi wa sekondari walipita mmoja mmoja, wakashikwa mkono, wakapigwa picha. Mjukuu wangu alikuwa miongoni mwao, na picha yake ninayo. Pesa zenyewe zilifika shuleni baada ya yeye kurudishwa nyumbani mara mbili kwa sababu ya karo. Siwezi kuilaani basari, nitakuwa nakula na kutupa mifupa kwenye sahani ya mwenzangu. Lakini sekondari si yenu! Ni ya Serikali Kuu. Mwanzoni mwa 2025 Msimamizi wa Bajeti aliwakumbusha magavana jambo hilohilo, kwamba kaunti haiwezi kulipia kazi ya Serikali Kuu mpaka kuwe na makubaliano ya maandishi kati ya pande mbili, na kelele za waheshimiwa zilizofuata tulizisikia mpaka huku kwa mwembe.

Yaani mwanao umemwacha mlangoni analia, ukatoka kwenda kumbeba wa jirani. Nilijiuliza kwa nini, na jibu nilipewa na mpiga picha wa uwanjani. Basari ina mkono wa kushikwa. Choo cha chekechea hakipeani mkono. Uji hauwezi kuandikwa kwenye hundi ya kadibodi. Mtoto wa miaka minne ukimsimamisha juani amsubiri mgeni rasmi, mgeni akifika mtoto atakuwa analia, na picha imeharibika.

Najua pia utaniuliza tulikuwa wapi wakati wa kutoa maoni. Tulikuwepo. Tangazo lilitoka gazetini kwa Kiingereza, siku moja kabla. Tulikodi matatu, tukaketi ukumbini, tukapewa nakala moja ya bajeti kwa kata nzima, nayo ilikuwa kwa Kiingereza na nene kama tofali. Mzee mmoja aliinyanyua, akaipima kwa mkono, akasema hii ni kilo mbili. Hayo ndiyo yalikuwa maoni ya mzee huyo. Mimi nilisimama nikauliza chekechea iko ukurasa gani. Afisa akanijibu kwa adabu sana: "Maoni yako yamepokelewa, mama." Tukatia sahihi kwenye orodha, tukapewa soda na nusu mkate. Baadaye nikasikia kwamba wananchi wa kata yetu walishirikishwa kikamilifu. Ni kweli, soda yangu ilikuwa baridi.

Tangu siku hiyo tumezisoma tarehe zako kama mvuvi anavyosoma maji. Mpango wa maendeleo wa mwaka lazima ufike kwenye Bunge la Kaunti kufikia Septemba mosi. Waraka wa sera ya fedha ni mwisho wa Februari. Makadirio ni Aprili 30, na Julai mosi mwaka mpya wa fedha huanza. Tumeng'amua kwamba mnapotuita Aprili chungu kimeshaepuliwa, mnatuonjesha tu chumvi. Nazi zilikunwa Agosti, na Agosti hiyo hatukualikwa.

Kuna jambo nililiomba kwenye ile barua niliyoifuta, na nitalitaja kwa ajili ya kumbukumbu tu. Mwaka 1991, kule San Francisco, Marekani, mwanamke aitwaye Margaret Brodkin na shirika alilokuwa akiliongoza, Coleman Advocates, walichoka kupiga magoti kila bajeti. Wakaligeuza ombi kuwa kura. Wapiga kura waliamua kwamba katika kila dola 100 za thamani ya ardhi na majengo yanayotozwa kodi, senti 2.5 ziwe za watoto, na jambo hilo likaandikwa ndani ya sheria kuu ya jiji, mahali ambapo waziri wa fedha hawezi kulifuta kwa kalamu ya jioni. Mwaka 2000 wapiga kura walewale walilipandisha fungu hilo hadi senti 3. Mwaka 2014 wakakubali lifike senti 4, na wakalipa uhai wa miaka 25.

Lakini senti zenyewe sizo zilizonifurahisha. Kuna sharti moja: jiji lisiyapunguze matumizi liliyokuwa nayo tayari kwa watoto kwa kisingizio kwamba sasa kuna fungu. Hapo nilicheka peke yangu jikoni. Nikajua kwamba hata huko ng'ambo kuna waziri wa fedha mwenye mikono miwili, wa kulia unaoweka na wa kushoto unaotoa.

Tulichotaka ni hicho tu, kipimwe kwa kipimo chetu. Bunge la Kaunti lipitishe sheria ndogo, isizidi kurasa nne, kwa Kiswahili, kwamba katika kila shilingi mia za ushuru wa soko, wa maegesho na wa kodi ya ardhi, kiasi kinachojulikana kitakwenda kwenye paa, uji na mwalimu wa chekechea, na kwenye vyuo vyetu vya ufundi; kimoja nakijua, kina cherehani tatu na sindano moja. Mama anayelipia kiti chake sokoni alfajiri ajue katika risiti ile kuna kijiko cha uji wa nani. Ukisema San Francisco ni tajiri nitakubaliana nawe. Ila hatukukuomba dola zao. Tulikuomba kalamu yao.

Naelewa kwamba hilo ni gumu, na ndiyo maana nimekuja na ombi jepesi la magari.

Kabla sijafunga, niseme neno moja lisilo la kiofisi. Mheshimiwa, wewe hunikumbuki, lakini mimi nakukumbuka vizuri. Mwembe ulikuwa mwembamba wakati huo. Ulikuwa mtoto mwerevu, msafi, mwepesi wa kujibu. Shida yako ilikuwa hesabu: ulikuwa ukifika sita unaruka saba, moja kwa moja mpaka nane. Tulishinda kutwa nzima, mimi na wewe na vifuu vya nazi, mpaka saba ikapatikana. Nikisoma jedwali la matumizi yenu siku hizi nahisi bado kuna mahali panarukwa, na napata hamu ya kuja na vifuu vyangu.

Nimeambatisha orodha ya ukaguzi kama wafanyavyo kwenye gereji. Idadi ni 63. Matairi: 29 hawana kabisa, 11 wana la upande mmoja. Taa zote zinawaka. Breki ni dhaifu, hasa wakati wa kutoka. Mmoja hupiga honi bila kuguswa na hatujajua jinsi ya kuizima.

Jumatatu ya mwisho ya Julai tutawaleta wenyewe, na mikeka yetu, ili kama udogo wao utakuruhusu kuwaona, wawe karibu. Tutawaegesha kwenye lile banda. Nimeshaongea na yule kijana mwenye ndoo. Amesema nafasi mbili za mwisho, za upande wa mfereji, huwa wazi mpaka saa nne.

Wako,

Mwalimu wako wa zamani, chini ya mwembe uleule.