Mpinzani Asiye na Jina

Oktoba 1980, mwaka mmoja na nusu tangu Kampala ianguke mikononi mwa jeshi la Tanzania, Mwalimu Nyerere aliomba kura tena. Mpinzani wake hakuwa na ilani wala hakuwahi kukanyaga Usa River: alikuwa neno Hapana. Masikini, hakufikisha hata asilimia 10.

Tuseme sheria ingeruhusu mgombea wa pili, mwenye miguu na mdomo. Angepanda jukwaani Tengeru siku ya soko, Mlima Meru mgongoni, wala asihutubie. Angeinua mche wa sabuni tu, bidhaa iliyoadimika baada ya vita. Umati ungemfuata mpaka Arusha mjini, si kwa sera, kwa povu. Haki isemwe: Idi Amin wa Uganda ndiye aliyeivamia Kagera, na Watanzania wengi waliiunga mkono vita ile. Lakini ushindi haukorogwi kwenye chai, na ile miezi 18 ya kufunga mkanda aliyoiomba Mwalimu baada ya vita iligoma kwisha.

Vyama vingi vilirudi 1992. Mwaka 1995, mji uliozaa Azimio la Arusha la 1967 uliinyima CCM kiti cha ubunge, ukampa mgombea wa NCCR-Mageuzi. Jina lake Makongoro Nyerere, mtoto wa Mwalimu.