Mheshimiwa Gavana, mizani ya mkopo iko wapi?

Kwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania, Dodoma.

Mheshimiwa Gavana,

Pokea pongezi za mkoa wa Mara kwa kazi ya Novemba 2024, Benki Kuu ilipotangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Tunaamini wakopeshaji wenyewe waliisoma orodha hiyo kwa makini kuliko sisi, hasa waliotaka kujua ni majina gani bado hayajachukuliwa. Huku Musoma na Bunda kadi nyingi zilizomo mifukoni ni za kutolea pesa zetu wenyewe, pale zinapokuwepo. Kadi yetu ya mkopo ni simu: salio likipungua mtandao unajazia, programu inatuma laki moja kabla chai haijapoa, na anayekosa kote huko anakwenda kwa mkopeshaji wa mtaani aitwaye kausha damu, ambaye naye hushikilia kadi ya benki ya mdaiwa pamoja na namba ya siri. Kwa hiyo nasi tuna kadi za mkopo, ila zinakaa kwa mkopeshaji.

Kadi ya mkopo halisi, ile ya wenye nazo, haina uchawi. Ukilipa deni lote kabla ya tarehe iliyopangwa, kwa kawaida manunuzi hayatozwi riba. Ukitoa fedha taslimu, gharama huanza kuhesabiwa papo hapo. Na ukilipa kile kiwango cha chini tu, ndipo benki inapokupenda. Anayedaiwa milioni moja kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, akilipa 50,000, riba inameza 30,000 na deni linapungua 20,000. Wamarekani waliliona hilo, na sheria yao ya mwaka 2009 ikaamuru bili imwambie mdaiwa atamaliza lini kama atalipa kiwango cha chini peke yake. Kadi hazikufutwa, ila hesabu ililetwa mbele ya macho ya mlipaji.

Sisi tumepewa ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana, na tunashukuru. Lakini chukua mkopo wa 300,000 wa miezi sita. Mkopeshaji anayetoza riba juu ya salio linalopungua, mtaji ukirejeshwa 50,000 kila mwezi, atapata riba ya 36,750. Jirani yake anayekokotoa asilimia ileile juu ya mkopo wote mpaka mwisho atapata 63,000. Wote wawili wataandika 3.5 ukutani. Halafu yupo anayekuidhinishia 100,000, anakata 20,000 ya “huduma” kabla hujaipokea, na baada ya siku saba anadai laki yake kamili. Umekopa 80,000 na kuilipia robo yake kwa wiki moja, na neno riba halikutajwa popote. Ukomo wako haukuvunjwa, umerukwa tu.

Utajibu, kwa haki, kwamba kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zipo tangu 2019. Zipo, ila shida imejificha ndani ya mkataba. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare na kuitoa mwaka 1969 kwa jina la *Mabepari wa Venisi*, alitupa mdaiwa aliyepona kwa sababu mkataba ulisomwa mpaka mwisho: nyama iliandikwa, damu haikuandikwa. Wakopeshaji wa leo wamelisoma somo hilo. Mikataba yao ni mirefu, mara nyingi kwa Kiingereza, na damu imo, chini ya “gharama nyinginezo”.

Wakopeshaji nao watasema kumkopesha mtu asiye na dhamana ni hatari, na hatari ina bei. Sawa kabisa, basi itajwe. Anayeuza sangara Mwigobero, Musoma, naye hubeba hatari ya samaki kuoza, na bado Wakala wa Vipimo hukagua mizani yake. Tunachoomba ni mstari mmoja wa Kiswahili juu ya kitufe cha kukubali: unapokea kiasi hiki mkononi, utarudisha kiasi hiki, tarehe hii. Na tarehe si jambo dogo. Mvuvi wa dagaa hupumzika mbalamwezi inapong’aa, na mkulima wa pamba wa Bunda huona fedha msimu wa kuuza. Kwa wote wawili mkopo wa siku saba umekosewa tangu siku ya kwanza, hata ukiwa nafuu, na mstari huo ungewaonyesha mapema kwamba ule wa miezi sita huenda ndio unaolipika. Majina ya 70 na kuendelea katika ile orodha yanaweza kusubiri.

Wako mtiifu, na mwenye salio dogo,
Mkazi wa Mara

Nakala: Wakala wa Vipimo, endapo Benki Kuu itakuwa na kazi nyingi.