Mchambuzi wa Kijiweni

Pale kijiweni Karatu yupo dereva wa watalii, Yanga lialia, ambaye ugali wake unaletwa na simba wa Kreta ya Ngorongoro na hajawahi kuwashukuru. Kwa uchambuzi hana mpinzani. Hasheem Thabeet, aliyetoka Chuo Kikuu cha Connecticut akachaguliwa wa pili NBA mwaka 2009, mbele ya Stephen Curry? Eti alikosea kukimbilia kikapu ilhali Yanga ilihitaji beki mrefu. Magongo? India ilitutandika 18–0 Olimpiki ya Moscow 1980. Yeye anamlaumu refa. Mtajie Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu hiyohiyo, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, atakuuliza: “Alichezea namba ngapi?” Na kahawa ya juzi bado hajalipa.