Maji ya Kutafuna

Mama watoto amerudi na saladi ile ya duara, imepauka, imevikwa nailoni utadhani inaogopa mafua. Kwa bei aliyolipa, yule kijana anayepita mtaani kwetu akiita "mchichaaa, matembele!" angetuachia mafungu ya kutosha mpaka majirani.

"Baba Neema, kula majani, yana vitamini."

Vitamini gani hizo? Gramu 100 za saladi hiyo, gramu 95 na ushee ni maji. Tikiti maji, lililotangaza maji hadi kwenye jina, lina kama 92 tu. Vitamini C ya saladi ni miligramu 3 hivi, na kalsiamu haifiki 20. Mchicha mbichi wa uzito huohuo una vitamini C miligramu 40 na zaidi, na kalsiamu inayopita 200. Mwaka 2014 mtafiti wa Marekani, Jennifer Di Noia, alipanga mboga na matunda kwa virutubisho 17 akilinganisha na kalori zake. Watercress, jani linaloota kwenye vijito, lilipata 100. Spinachi 86. Saladi ya duara 18! Mtoto wangu akileta alama hizo nyumbani, siku hiyo televisheni haiwashwi.

Sisemi saladi zote ni za kutupa. Ile ya majani marefu, ya kijani kilichokolea, ina vitamini A zaidi ya mara 10 ya hii ya duara. Ila hiyo mama watoto hainunui, anasema haipendezi mezani.

"Daktari kasema upunguze uzito," ananikumbusha. Hapo nanyamaza, maana kalori za gramu 100 za saladi yake ni kama 14 tu. Kisha anafungua mayonezi. Kijiko kimoja kikubwa kina kalori kama 90, naye anamwaga vinne, anasawazisha kama fundi plasta. Kweli, mafuta kidogo huusaidia mwili kufyonza ile rangi inayogeuka kuwa vitamini A. Lakini jani lililopauka lina rangi gani? Tui la nazi kwenye mchicha lilikuwa linafanya kazi hiyo kabla mayonezi haijashuka bandarini.

Mtaniambia mchicha ukichemshwa vitamini C inapotea. Inapotea kwa wanaouchemsha mpaka ukate tamaa, halafu wakamwaga maji. Upikeni dakika chache, mchuzi wake mnywe.

Kinachoniudhi zaidi ni harusini. Foleni yote inapitishwa kwanza kwenye sinia la saladi, ukifika kwenye pilau nusu sahani imeshajaa maji ya kutafuna, na mpakuaji anakutazama kama mlafi. Mchicha hauonekani kabisa, eti chakula cha mwisho wa mwezi.

Basi kamati za harusi, mchango wangu huwa silazi damu kuutoa. Wekeni mchicha wa nazi, na pilau ianze.