Kibopa Hapandi Bajaji

Paka wangu anaitwa Kibopa. Aliletwa stoo yetu ya Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, kupambana na panya waliokuwa wakitafuna maboksi ya viatu. Panya walipungua, yeye akanenepa, jina likaja lenyewe.

Balaa lilianza Septemba. Tarehe 28 ya mwezi huo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na redio ikasisitiza kuwa paka nao wachanjwe. Jirani yangu muuza vitenge alicheka mpaka akashika meza. "Kichaa cha mbwa, kwa paka? Si utamvunjia heshima?" Lakini ugonjwa ule haubagui, na dalili zikishatokea ni nadra mtu kupona. Nikapanga safari.

Nimbebe ndani ya nini? Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na hata ingekuwepo isingemfaa. Nikajaribu begi la shangazi kaja. Nimesikia watu wakiuziwa mbuzi kwenye gunia. Paka kwenye shangazi kaja ni biashara nyingine kabisa. Alitokea upande usio na zipu. Asubuhi nikanunua tenga la kuku. Nililiosha mara tatu, ila pua ya paka si pua yetu. Aliingia mwenyewe, akamtafuta kuku, kuku hakuna, nikafunga. Akatoa mlio wa mtu aliyetapeliwa Kariakoo, na mlio huo hapa mtaani tunaufahamu.

"Mpe nusu Panadol atulie," jirani akashauri. Bahati nzuri sikuwa nayo. Daktari alikuja kuniambia kwamba ini la paka haliwezi kuhimili dawa ile. Kidonge kimoja tu kinaweza kumuua. Mimi nilimpa dagaa, sahani nzima, aanze safari akiwa na furaha.

Nikasimamisha bajaji. "Tupeleke vetenari, dogo."

"Poa, braza."

Masikio ya paka yananasa sauti nyembamba ambazo sisi hatuzisikii kabisa. Sasa mchukue kiumbe huyo umpitishe karibu na Mtaa wa Kongo, spika zikirudia "jero jero, buku buku" bila kupumua, bodaboda wakipiga honi, na injini ya bajaji ikingurumia mgongoni kwake. Akaanza kudondosha mate. Nikajua kichaa cha mbwa kimetuwahi. Kumbe ni kichefuchefu cha safari, kama abiria wa basi la mkoani. Dagaa wote walirudi.

"Braza, hiyo harufu ni ya nani?"

Sikumjibu. Tulikuwa tumefika Kamata, na kliniki niliyoelekezwa iko Ilala.

"Mbona tunakwenda Temeke?"

"Si umesema Vetenari?"

Kwa mtu wa Dar, Vetenari ni kituo cha daladala. Kosa langu. Tukageuza, foleni ikatumeza, na mimi kwa huruma nikafunua tenga kidogo nimbembeleze. Alinichana kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko, akaruka chini ya kiti cha dogo. Dogo akapandisha miguu yote miwili juu ya usukani. Namshukuru Mungu kwa foleni ile.

Aliyetuokoa ni mama mmoja kwenye bajaji ya pembeni. "Mfunikeni, asione kitu!" Dogo akavuta shuka la Kimasai analojikinga nalo siku za mvua, tukamviringisha, tukamrudisha, tukaliweka tenga sakafuni kati ya miguu yangu, shuka juu. Kimya. Mpaka Ilala hakutoa hata nyau moja.

Kibopa alichomwa sindano moja, wala hakupepesa macho. Daktari akautazama mkono wangu.

"Huyu ndiye amekuchana? Alishawahi kuchanjwa kabla ya leo?"

"Ndiyo kwanza nimemleta."

Akapumua. Akaniambia siku nyingine nimpeleke akiwa na njaa, na tenga nilitandike kitambaa anacholalia, likae wazi stoo wiki nzima kabla ya safari. Kisha akanielekeza hospitali. Kibopa awe chini ya uangalizi siku 10; mimi nikapangiwa ratiba ya sindano.

Tenga sasa liko wazi stoo, na Kibopa analala humo kutwa. Siku ya sindano yangu ya tatu nilisimamisha bajaji, kumbe ni dogo yule yule.

"Leo tunampeleka nani?"

"Nakwenda mwenyewe."

Akanitazama, akapapasa chini ya kiti, akatoa shuka.

"Nikufunike, braza?"