Namna ya Kuposa Pikapu ya Mzee

Siku ya kwanza usiende na pesa. Ukifika kwa mzee, pale Karatu au Usa River, ukaikuta Land Rover 109 imeegeshwa chini ya mparachichi na kuku ametaga kwenye siti ya dereva, halafu neno lako la kwanza likawa "unauza bei gani?", umeshaikosa. Mzee atasema haiuzwi, na hasemi uongo. Pikapu hiyo ilibeba saruji ya shule, mahindi ya majirani wakati wa mavuno, na pengine jeneza la mtu aliyempenda. Chombo cha namna hiyo huposwa, na posa ina taratibu zake.

Tafuta mshenga kwanza. Mshenga bora ni fundi aliyekuwa akiitengeneza, maana ndiye anayejua difu ilifunguliwa lini na kwa nini gari liliegeshwa. Mara nyingi sababu ni ndogo: pampu ya breki ilivuja, spea ikakosekana, kijana wa nyumbani akaleta gari la Noah, miaka ikapita. Nenda na fundi huyo, na sukari, na majani ya chai. Amkia vizuri, kaa unapoonyeshwa, simu ibaki mfukoni. Muulize mzee habari za safari. Barabara ya Makuyuni ilikuwaje kabla ya lami? Mto ukijaa alikuwa akipita wapi? Naye atakuuliza yake: umewahi kushika usukani usio na pawa? Utaikatakata iwe vyuma chakavu? Hilo la pili ndilo posa yenyewe. Wanunuzi wa vyuma chakavu wamefika kwake kabla yako, na mizani yao, na wengi wameondoka na magari ya majirani.

Wazee wakipokea posa huchunguza ukoo. Nawe, ukikaribishwa, chunguza. Land Rover ilionyeshwa hadharani mara ya kwanza Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948, wakati Uingereza ilipokuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, na ndiyo maana bodi yake ilitengenezwa kwa aloi ya alumini. Bodi hiyo haishiki kutu, kwa hiyo pikapu ya 1965 inaweza kukupokea kwa sura nzuri huku chini yake hali ni nyingine kabisa. Chesisi ni chuma, ni sanduku refu lenye uwazi ndani, na huanza kuozea huko ndani ambako jicho halifiki. Lala chini na nyundo ndogo, uvae miwani. Gonga boriti ya nyuma, kisha ile mikono mifupi inayotoka pembeni kushikilia bodi, kwa sababu hapo ndipo matope hukaa mwaka mzima. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza hujibu kwa sauti butu, na unga wa kutu hukumwagikia usoni. Palipogusana alumini na chuma utakuta pia unga mweupe; hapo aloi inaliwa. Yote haya yanatibika kwa mtu mwenye subira na fundi mzuri wa kuchomelea, lakini sharti chuma kibovu kikatwe hadi palipo pazima. Fundi akikuambia atabandika bati juu ya kutu, mshukuru na utafute mwingine.

Soma namba ya chesisi na uilinganishe na kadi. Kama kadi imepotea, au jina lililomo ni la marehemu kaka yake mzee, lishughulikieni TRA, mamlaka ya mapato, sasa hivi, mzee akiwa hai na ana nguvu za kutia sahihi. Ukichelewa utasubiri mirathi, na katika mirathi kila mrithi ana neno lake. Usiogope kwamba gari lililokaa nje miaka mingi litaendelea kukudai ada ya leseni kila mwaka hata likiwa limelala. Ada hiyo ilifutwa mwaka 2017 na mzigo wake ukahamishiwa kwenye bei ya mafuta.

Mahari isiwe ya kudhalilisha. Bei ya kilo ni ya wale wenye mizani. Na mzee akiweka sharti kwamba siku ya harusi ya mjukuu wake pikapu ije kubeba maji na viti, kubali papo hapo, kisha utimize.

Ukishaifikisha nyumbani, usikimbilie rangi. Hili nalisema kwa moyo wote, kwa sababu nimeona vijana wengi wa Arusha na Moshi wakinyoosha bodi, wakipuliza kijani kizuri na kuweka taa sita juu ya paa, huku breki zikivuta upande mmoja. Breki kwanza. Kisha mafuta ya zamani yamwagwe, tangi lisafishwe, kabureta ifunguliwe. Toa plagi, tia kijiko cha oili katika kila silinda, acha usiku kucha, halafu zungusha injini taratibu kwa hendeli. Kabla ya kufunga betri angalia waya wa bodi umefungwa upande gani: baadhi ya zile za mwanzoni mwa miaka ya 1960 bodi imeunganishwa kwenye chanya, na ukifunga kwa mazoea utaunguza vitu.

Hendeli yenyewe ina adabu yake. Hakikisha gia iko huru na handbreki imekaza. Kidole gumba kilale upande mmoja na vidole vingine, kisizunguke mpini, na uvute kwa kupandisha juu badala ya kusukuma chini. Injini hupiga teke. Ikipiga, mpini utakutoka mkononi na gumba lako litabaki zima. Mwombe mzee akuonyeshe; atafurahi kuliko unavyodhani.

Kisha nunua vitu viwili: daftari na seti ya spana za inchi. Nati za matoleo ya Land Rover ya Series II na III ni za inchi, na spana namba 13 inayoonekana kutosha kwenye nati ya nusu inchi inapwaya kidogo tu, kiasi cha kula pembe za nati hadi ibaki duara. Nati nyingi katika pikapu hizi zimeharibiwa hivyo. Daftari ni la kuandika anayosema fundi. Mafundi waliojifunzia kazi kwenye injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286 sasa ni watu wazima sana. Wanajua kwa sikio kwamba tapeti imelegea na kwa pua kwamba klachi inaungua, na hawakuandika popote. Kaa gereji ya mtaa wa Unga Limited, Arusha, Jumamosi nzima, shika taa, pitisha spana, uliza, andika. Kwangu mimi hapa ndipo penye mali. Chesisi nyingine inaweza kupatikana. Mkono wa fundi aliyefariki haupatikani. Muulize pia kuhusu vali. Petroli yenye risasi iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006, na risasi ile ndiyo iliyokuwa ikilinda vikalio vya vali katika injini hizi. Siku silinda hedi itakapofunguliwa, viwekwe vikalio vigumu, mambo yaishe.

Sasa endesha. Kwenye Series II na IIA gia ya kwanza na ya pili hazina sinkromeshi, kwa hiyo mguu wako ndio utakaooanisha mwendo wa meno. Ukitoka tatu kurudi mbili: kanyaga klachi, toa gia, achia klachi, piga mafuta kidogo, kanyaga tena, ingiza. Mwanzoni itakoroma na abiria watakutazama. Endelea. Ikifika siku gia inaingia kimya kwenye mteremko, utatembea kwa madaha wiki nzima, na una haki. Series III, iliyoanza 1971, ina sinkromeshi kwenye gia zote za mbele, lakini kijana aliyejifunzia kwenye ya zamani huendesha zote vizuri zaidi.

Kuna vijiti viwili vingine pembeni ya gia. Cha kichwa cha njano, ukikibonyeza chini, magurudumu yote manne yanavuta. Chekundu, ukikivuta nyuma, kinakupa gia nzito za matope na milima. Usitumie hivyo kwenye lami kavu, kwa sababu hakuna difu ya katikati ya kuyapa magurudumu ya mbele na ya nyuma nafasi ya kupishana mwendo, na shafti zitajikaza hadi kitu kivunjike. Mwendo ni kilomita 70 kwa saa, 80 ukiwa na haraka. Lita moja ya petroli itakupeleka kilomita tano au sita, kwa hiyo panga safari zako pamoja na mizigo ya wengine.

Gharama hiyo ndiyo iliyowafanya wengi kufunga injini za dizeli za Toyota. Siwalaumu, magari mengi yako hai leo kwa sababu hiyo. Ila ukibadilisha, ile ya zamani ipake oili, ifunike, iweke stoo. Kuna kijana mahali anaihitaji kipande kwa kipande.

Usije ukaifanya pikapu yako ya maonyesho tu. Mwaka 2024 Arusha ilifanya tamasha kubwa la Land Rover, kwa nia ya kuipita rekodi ya msafara wa magari 632 iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018, na ilikuwa raha kuona vijana waliozaliwa muda mrefu baada ya Series III kukoma mwaka 1985 wakizipanga barabarani. Nenda kila mara kukiwa na tamasha kama hilo, pendeza, piga picha. Kesho yake rudi kubeba majani ya ng'ombe. Pikapu inayofanya kazi hupata oili mpya, hukaguliwa breki, hukazwa springi, na fundi huendelea kuifahamu. Ile inayofunikwa turubai huishia tena chini ya mparachichi.

Kuhusu mzigo, jirani wa kwanza atakayekuja atataka mchanga wa mtoni, na atasema kasha lijazwe. Usikubali. Mchanga uliolowa ukifika ukingoni unapita tani moja na nusu, na 109 ya kawaida hubeba pungufu ya tani. Jaza nusu, sawazisha uzito uegemee mbele kuelekea kebini, panda kwa gia ya pili, na mwambie safari ya pili utamfanyia nusu bei.