Jenerali wa Litein

Mtu akiniuliza kazi, namwambia mimi ni mkulima mdogo wa chai huku Litein. Ujenerali siutaji, kwa kuwa hauna bonasi.

Niko katika klabu ya mtandaoni ya watu wanaopigana vita vya zamani kwa kompyuta. Usidhani ni zile kelele za vijana kwenye vibanda vya pleisteshen. Sisi tuna ramani iliyokatwa vipande vya pembe sita, vibandiko ambavyo kila kimoja ni batalioni, na subira ya mvuvi. Unasogeza vikosi, unafunga faili, unamtumia mpinzani kwa barua pepe. Akipata nafasi anasogeza vyake, anakurudishia. Pigano moja linaweza kula msimu mzima wa palizi. Programu yetu ni The Operational Art of War, iliyobuniwa na Norm Koger mwaka 1998, na raha yake ni kwamba mtu anaruhusiwa kujitungia vita anavyotaka.

Mpinzani wangu, mwalimu mstaafu wa Scotland, akatunga Tanga.

Tanga ya Novemba 1914 ni aibu iliyokamilika. Jenerali Aitken wa Uingereza alishusha wanajeshi wapatao 8,000 kutoka India wapambane na von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliyekuwa na watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika. Akapigwa. Kana kwamba hiyo haitoshi, nyuki waliochokozwa na risasi wakatoka mizingani kuuma watu. Waingereza walirudi melini wakaacha ufukweni bunduki 16 za rashasha na risasi 600,000. Nikachagua Waingereza. Niliona kwamba mtu aliyesoma habari zote hizi hawezi kufanya vibaya kuliko Aitken.

Siku moja niko kwenye foleni ya kituo cha kununulia majani, mwenzangu wa klabu kutoka Sotik akapiga simu kuuliza vita inaendaje. “Mbaya,” nikamwambia. “Nimepoteza batalioni mbili na hata ufuo sijautoka. Nawapeleka wengine usiku, wafe wasife.” Karani akaacha kusoma mizani. Mama mmoja mwenye kikapu akaniuliza polepole kama nina kijana Somalia.

Jioni mzee wa kanisa akabisha hodi kwangu, Biblia kwapani. Mama watoto anajua kila kitu. Akamkaribisha, akamimina chai, akakaa kitako, akamwacha aombe mpaka amina ya mwisho, nami nimeinamisha kichwa sijui niangalie wapi. Ndipo akasema, “Asante, Mzee. Ila hao marehemu ni wa kompyuta.”

Maombi hayo tungeyaelekeza kwenye stima. Betri ya laptopu yangu ilikufa zamani, sasa inaishi kwa waya, na huku mvua ya mchana haikosi. Radi ya kwanza ikilia, stima inapotea, na jeshi langu linapotea nayo. Napanda boda hadi Kapkatet kutafuta saiba yenye jenereta. Klabu ina sheria: ukichelewa mno kutuma zamu, unahesabiwa umesalimu amri.

Nikamwandikia yule mwalimu kwamba nimecheleweshwa na mvua ya mawe. Akajibu kwa adabu yao ile inayokata kuliko tusi: yeye alidhani Kenya iko kwenye ikweta. Nikamweleza kwamba nyanda hizi za chai ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa mawe mara nyingi zaidi duniani, na kwamba mwishoni mwa miaka ya 1960 ndege zilirushwa juu ya Kericho na Nandi Hills kuyatia mawingu dawa ili mawe yasiharibu majani. Vita vya anga kabisa, dhidi ya barafu. Hakujibu siku hiyo. Nadhani alikwenda kuhakikisha.

Mzee jirani ndiye pekee aliyetaka kuiona ramani yenyewe. Akavuta kiti, akavaa miwani.

“Wewe uko upande gani?”

“Wa Waingereza, Mzee.”

“Ofisa wao wa upelelezi alikuwa nani?”

Swali baya. Alikuwa Richard Meinertzhagen, yule yule aliyemuua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, tarehe 19 Oktoba 1905, siku waliyoitana kuzungumza amani. Mzee akanitazama kama mtu aliyekutwa anauza ng'ombe wa ukoo.

“Meinertzhagen unamlisha wewe?”

“Ni mchezo tu, Mzee.”

“Nyuki wako wapi hapo?”

Nikamwonyesha kwamba mchezo huu hauna nyuki. Akasikitika kwa dhati, akaondoka bila kumaliza chai.

Wiki iliyofuata mwalimu akaandika kuomba radhi. Amesoma habari za mawe, yote ni kweli, na kwa heshima ya Kericho ameyaingiza katika mchezo, tuanze upya. Nikafungua faili. Mawe yalikuwa yameanguka Tanga, ufukweni, katika joto la Novemba, juu ya jeshi langu peke yake.

Nilimpelekea Mzee habari hizo mwenyewe. Akaagiza chai nyingine.